Uchambuzi wa kisa: Klabu ya Kiesperanto iliyoanza na watu 31 ikabaki na 7

Kabla ya yote

Hiki ni kisa cha klabu moja ndogo ya lugha kwenye mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, kati ya 2023 na 2025. Mji siutaji, shule tuliyokuwa tunakutania siitaji, watu nimewaita kwa kazi zao tu, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili hata jirani yangu akisoma asijue naongelea nani (ingawa yeye atajua tu, maana ndo alikuwa anatukopesha viti). Mimi nilikuwa mtunza hazina kwa hiyo lawama zingine hapa chini ni zangu mwenyewe. Naandika kwa sababu kila baada ya muda napata ujumbe wa mtu anataka kuanzisha klabu kama yetu kwao, anauliza tulitumia kitabu gani na ada ilikuwa shilingi ngapi, na kiukweli sio kitabu wala ada iliyotumaliza.

Mazingira

Kwa ambaye hajawahi kukisikia, Kiesperanto ni lugha iliyotungwa na mtu mmoja, daktari wa macho anaitwa L. L. Zamenhof, kazaliwa 1859 Białystok, mji ambao leo uko Poland ila enzi hizo ulikuwa chini ya Urusi. Kitabu cha kwanza alikitoa Warsaw mwaka 1887, hakutumia jina lake, alijiita Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye matumaini, na hilo jina likaja kuishia kwenye lugha yenyewe. Pale alipokulia kulikuwa na Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani, kila mtu na lugha yake na kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, akaona dawa ni lugha ya pili ya watu wote ambayo haina mwenyewe. Kongamano la kwanza la dunia likafanyika Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, 1905, walikuja watu 688. Chama cha dunia, UEA, kipo tangu 1908 na makao yake yako Rotterdam.

Haya yote mwalimu wetu alitusimulia siku ya kwanza, vizuri kabisa, na ramani kachora ubaoni. Alipofika hapo kwenye dawa, fundi simu mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, hilo tatizo si Kiswahili kimeshalimaliza?" Na kweli, mle darasani kulikuwa na Msukuma, Mkurya, Mjita, Mhaya, Mchaga wawili, na hakuna aliyekuwa anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni, nchi ina makabila zaidi ya 120 na sisi tunataniana tu. Watu walicheka, mwalimu akacheka, somo likaendelea. Lile swali nitalirudia.

Kuhusu lugha yenyewe, mtu wa Kiswahili anaingia na mtaji ambao hata hajui anao. Vokali ni zilezile tano, a e i o u, na zinasomwa vilevile. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Herufi moja sauti moja. Halafu maneno yanajengwa kwa kubandika vipande, kitu ambacho sisi tunakifanya toka tunanyonya: sisi tuna funga na fungua, wao wana *fermi* na *malfermi*, sisi tuna vunja na vunjika, wao *rompi* na *rompiĝi*. Nimeona maelezo ya Wazungu wanaliongelea hilo *mal-* kama maajabu ya dunia, bibi yangu angewaambia zibeni na zibueni muone.

Tabu ilikuwa kwingine. Konsonanti zikipangana watu wanachomeka vokali katikati, *skribi* inakuwa sikiribi, na *mi ne scias*, yaani sijui, hiyo "sts" iliwatoa watu jasho (kwa hiyo mtu alikuwa hajui hata kusema hajui). L na R nazo, kwa watu wa kwetu mnaelewa, *lando* ni nchi na *rando* ni ukingo, kuna kijana mwaka mzima alikuwa anatoka ukingo wa Tanzania. Na J inasomwa Y. Na zile kofia juu ya ĉ, ĝ, ŝ ambazo kwenye simu nyingi hujui zimejificha wapi, tukaishia kuandika cx, gx, sx kama wanavyofanya wengi.

Watu walikuja kwa nini

Hapa lazima niwe mkweli. Mwaka 2023 habari ilikuwa imeenea kwamba kongamano la dunia la 2024 litafanyika Arusha, mara ya kwanza Afrika tangu yaanze 1905. Sisi tukalifanya hilo ndo tangazo letu. Karatasi tuliyobandika kwenye nguzo na kwenye duka la vocha ilisema jifunze lugha ya dunia, kutana na wageni Arusha 2024. Neno wageni mimi ndo niliongeza. Wakaja watu 31, darasa la chekechea viti havikutosha.

Ukiwauliza mmoja mmoja kila mtu alikuwa na Arusha yake. Kuna aliyetaka utalii, kuna aliyekuwa kasikia habari za ule mtandao wa wenyeji, Pasporta Servo, ambao tangu 1974 Waesperanto wanakaribishana kulala majumbani bure, akapiga hesabu kwamba Ulaya sasa ni nauli tu (mwenyeji hakupi viza, hilo tulichelewa kulisema). Walimu wawili walitaka cheti. Fundi cherehani alikuja kwa sababu binti yake wa darasa la sita aliogopa kuja peke yake, akakaa nyuma na kazi yake ya mkono mapajani, anapiga lisani za gauni la kipaimara. Mkumbukeni huyo.

Kilichotokea, miezi ya kwanza

Mwalimu alikuwa mtu wa sarufi. Zamenhof kanuni zake ni 16, na mwalimu alitaka tuzimalize zote kabla hatujafungua mdomo, kwa hiyo wiki ya tatu tulikuwa kwenye ile -n ya mtendwa. Kwa ufupi, nomino inaishia na -o, na ikiwa ndo inayotendwa unaongeza -n: *la hundo mordis la knabon*, mbwa kamng'ata mvulana, na ukihamisha hiyo -n mvulana ndo kamng'ata mbwa. Ubaoni inaeleweka. Ila Kiswahili mtendwa tunamtaja ndani ya kitenzi, nakuona, ile ku- imemaliza kila kitu, kwa hiyo watu walikuwa wanaisahau -n sentensi nzima halafu wakikumbuka wanaipachika kila mahali kama chumvi. Mwalimu anasahihisha. Kila sentensi anasahihisha. Kufika mwezi wa pili watu walikuwa wanaandika vizuri kwenye daftari na hakuna anayeongea.

Hapo ndo likaja kopo.

Waesperanto wana neno lao, *krokodili*, kitenzi kabisa, maana yake kuongea lugha ya kwenu mkiwa Waesperanto kwa Waesperanto. Sisi tukaita kupiga mamba. Nikapendekeza mimi, mtunza hazina, kwamba ukipiga mamba ndani ya darasa unatumbukiza shilingi 200 kwenye kopo la maziwa ya unga, hela inasaidia bando na fotokopi, na watu wataongea lugha. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Wiki ya kwanza ilikuwa vicheko, kopo likajaa. Wiki ya pili kukawa na ukimya. Wiki ya tatu dada mmoja wa duka la dawa akasimama, akatoa 200, akaiweka mezani, akasema kwa Kiswahili safi: "Mimi darasa la tano nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili. Sikuja hapa kuvalishwa tena." Akatoka, hakurudi. Wengine wanne hawakurudi pia, hawakusema kwa nini. Mimi nilibaki nimeshika kopo.

Nililitetea kopo wiki mbili zaidi, naomba mlijue hilo, nikisema huko duniani wanafanya hivyo. Uongo mtupu, huko duniani mtu akipiga mamba anataniwa basi.

Ugomvi wa baba na mama

Karibu na mwisho wa 2023 tulifika kwenye familia. Baba ni *patro*. Mama ni *patrino*. Kaka *frato*, dada *fratino*. Fundi cherehani akainua macho kutoka kwenye lisani zake, akauliza, "Kwa hiyo mama ni baba aliyeongezewa mkia?" Mwalimu akaanza kueleza kipande -in-, akaeleza, akaeleza, na kadiri anavyoeleza ndo kinazidi kuwa mkia. Halafu ikaja *li* kwa mwanamume na *ŝi* kwa mwanamke, na sisi kwetu ni yeye, mtu ni mtu, watu wakawa wanawachanganya viongozi wa dini na wake zao.

Fundi simu, yule wa swali la kwanza, siku ya pili alikuja na karatasi ya mabadiliko. Toa -n. Toa kofia. Mama apewe neno lake. *Li* na *ŝi* zote ziwe *ri*, kama wengine huko nje walivyokwisha anza. Kwa vile lugha imetungwa, akasema, sisi pia ni watu, tutunge. Klabu ikagawanyika katikati, kundi la WhatsApp likawaka usiku kucha, vijana wote upande wa karatasi, walimu wote upande wa kitabu.

Hii stori ni ya zamani kuliko sisi wote. Kabla ya Kiesperanto kulikuwa na lugha nyingine ya kutungwa, Volapük ya padri Schleyer, Mjerumani, ilivuma Ulaya miaka ya 1880, vyama kila mji, halafu wakaanza kubishana nani ana haki ya kurekebisha, mwenyewe akataka neno la mwisho liwe lake, kufika mwisho wa miaka hiyo ikaporomoka. Mwaka 1894 Zamenhof mwenyewe aliwapa wasomaji wa gazeti lake mapendekezo ya marekebisho, wakapiga kura, wengi wakakataa. Na 1907 kamati moja iliyokaa Paris ilitoka na lugha iliyorekebishwa, ikaja kuitwa Ido, kofia imetoa, -n imelegeza, na baadhi ya vigogo wakahamia huko. Kwa mpangilio wa karatasini Ido sio mbaya hata kidogo. Tatizo ukishaijua utaongea na nani.

Uamuzi wetu ulikuwa kutobadilisha kitu isipokuwa *ri*, ambayo anayetaka aitumie kwa vile huko nje kuna wanaoielewa. Sababu haikuwa heshima kwa Zamenhof. Sababu ni kwamba mabadiliko yetu yangejulikana na watu 20 wa mtaa mmoja ambao tayari wanaelewana kwa Kiswahili. Fundi simu hakufurahi ila hilo alilikubali, maana lilikuwa ni lile swali lake lenyewe limemrudia. Kuhusu mama na mkia, klabu ilikubaliana kwamba fundi cherehani yuko sahihi na ni kasoro, na tukaacha hapo.

Mzee wa Jumamosi

Hiki kipande sikipendi ila nakiweka. Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu, yuko Ulaya, kila Jumamosi alikuwa anapiga simu ya video saa nzima kutufundisha mazungumzo, bure, mvumilivu kweli. Kuna wanachama wawili wakaanza kumtumia meseji pembeni, kwanza salamu, kisha shida ya ada, kisha simu imevunjika kioo. Alituma hela mara ya kwanza. Mara ya tatu akaandika barua fupi kwenye kundi kwamba amechoka, anatutakia heri, na akaondoka. Hakutaja majina, sisi tuliyajua. Hatukufanya kitu, hatukuitisha hata kikao, kwa sababu Arusha ilikuwa imebaki miezi na hatukutaka kupunguza idadi.

Lomé

Sasa turudi kwa fundi cherehani. Mwanzoni mwa 2024 binti yake alibandika picha ya gauni la mama yake kwenye kundi moja la wanaojifunza, na mama mmoja fundi wa Lomé, Togo, akauliza hilo bega umelikataje. Huyo wa Lomé anaongea Kiewe na Kifaransa. Huyu wetu anaongea Kijita, Kiswahili, na Kiingereza cha kuombea maji. Ukiondoa Kiesperanto hawana hata neno moja la pamoja. Binti akamwambia mama, jibu wewe, mimi sijui mambo ya mabega.

Akajibu kwa voisi noti. Nimeisikiliza, ina sekunde kama 40 na makosa hayahesabiki, na cherehani ya jirani inapiga kelele nyuma. Lakini cha ajabu ni jinsi alivyokuwa anatafuta maneno. Alikuwa analijua neno *kudri*, kushona, basi. Kutoka hapo kwa vile vipande vya ubaoni akatengeneza *kudrilo*, cha kushonea, sindano, *kudristo*, mshonaji, *kudrejo*, mahali pa kushonea. Na alipotaka kusema alilifumua bega akalishona upya akasema *mi malkudris*, bila kumuuliza mtu, maana kwenye kichwa chake ilikuwa ni shona, shonoa. Wa Lomé akaelewa. Ile -n iliyotutoa jasho ubaoni ikaanza kukaa mahali pake yenyewe, *mi malkudris la manikon*, kwa sababu sasa kulikuwa na mkono wa gauni ambao kweli unafumuliwa.

Wakapanga kuongea kwa simu. Na hapa kuna kisa ndani ya kisa. Wa kwetu akaandika *je la tria nokte*, saa tatu usiku. Yeye anamaanisha saa tatu yetu, baada ya kula. Wa Lomé akasoma tatu za usiku kama zinavyosomwa kwao, akaweka alamu, akaamka usiku wa manane, akapiga. Togo wako nyuma yetu masaa matatu, kwa hiyo huku simu iliita saa kumi na mbili asubuhi, fundi yuko na ndoo kichwani kutoka bombani. Lugha ilikuwa moja, saa zilikuwa mbili, na hakuna kanuni hata moja kati ya zile 16 inayogusa jambo hilo. Tangu siku hiyo wanaandika kwa tarakimu, 18:00 kwako, 21:00 kwangu.

Kosa la pili liligusa mfuko. Mteja wa huku alitaka mshono wa Lomé (wale kwa vitenge wana historia ndefu, Nana Benz wa soko la Lomé walitajirika kwa vitambaa hivyo mpaka wakawa wanaendesha Mercedes). Maelekezo yakaja kwa sauti: *la manikoj estu mallongaj*, mikono iwe mifupi. Sasa refu ni *longa* na fupi ni *mallonga*, tofauti yake ni hako ka-*mal* ka mwanzoni ambako hakana mkazo, na mtandao ukakameza. Fundi akasikia *longaj*, akakata mikono mirefu. Kwa bahati mirefu unaweza kuikata ikawa mifupi, ingekuwa kinyume kitenge kingekuwa kimekwenda. Kwetu refu na fupi hazifanani hata kwa mbali, huwezi kukosea hata ukiwa unaongea kwa kupiga kelele ng'ambo ya mto. Wakaweka utaratibu, kila kipimo kinaandikwa kwa sentimita na kinafuatwa na picha.

Kuna mtu atauliza kwa nini wasitumie programu ya kutafsiri. Fundi simu aliuliza hilohilo na akajaribu mbele yetu. Mkono wa gauni ukatoka mkono wa mtu, kiuno kikatoka sijui nini, wa Lomé akajibu kwa alama za kuuliza tatu.

Arusha

Kongamano lilikuwa tarehe 3 hadi 10 Agosti 2024. Tulikwenda tisa, kwa michango na hela za mfukoni, basi la usiku. Siku mbili za kwanza tulipiga mamba mtindo mmoja, tumejikusanya Watanzania kwenye kona tunaongea Kiswahili na kuangalia watu wenye beji za nyota ya kijani wakipita. Sio kiburi, ni aibu, kila mtu anaogopa ile -n. Fundi cherehani ndo aliyetoka kwanza. Aliona mama mmoja kavaa kitambaa asichokijua, akaenda akakishika pindo, akauliza *kio estas ĉi tiu ŝtofo?* Wakakaa chini nusu saa. Sisi tukaanza kusogea mmoja mmoja.

Hesabu yangu ya ndani, kati ya tisa, wanne waliweza kuongea na mgeni dakika kumi bila kukwama kabisa. Wengine watano walipiga picha nyingi.

Matokeo

Septemba 2024 darasani walikuwa 12. Krismasi 9. Katikati ya 2025 tukabaki 7 na ndo tulipo. Mwalimu kahamishwa kikazi. Waliotaka cheti walipata karatasi tuliyochapa sisi wenyewe, haikuwasaidia popote. Yule wa Pasporta Servo hakufika Ulaya. Saba waliobaki kila mmoja ana mtu wake wa kuongea naye nje, na wote hao wa nje ni watu ambao hatuna nao lugha nyingine. Hiyo sio bahati nasibu, tulichunguza: kila mwanachama aliyekuwa na rafiki wa nje anayejua Kiingereza vizuri, walihamia Kiingereza ndani ya mwezi na yeye akaacha kuja.

Uchambuzi

Lile swali la siku ya kwanza tulitakiwa kulijibu siku hiyohiyo. Ndani ya Tanzania kazi ya Zamenhof Kiswahili kimeshaifanya, na kinazidi kutanuka, Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kwa hiyo klabu ya Kiesperanto kwetu ikikaa kuongea yenyewe kwa yenyewe ni mchezo wa kuigiza, na kopo lilikuwa linatoza watu faini kwa kukataa kuigiza. Sisi tulifundisha lugha miezi minane kabla ya kumpa mtu yeyote mtu wa kuongea naye. Ilitakiwa wiki ya pili, kwa yale maneno 50 aliyonayo, na huyo mtu awe wa Togo au Brazil au popote ambapo Kiingereza hakitawaokoa.

Kongamano kama tangazo lilileta watu wengi na likawaondoa wote kwa tarehe inayojulikana. Nisingesema lilikuwa kosa tupu, bila hilo fundi asingekuja. Kosa ni kuhesabu vichwa. Ni kwa sababu ya vichwa tulinyamaza kwenye suala la mzee wa Jumamosi, ambalo mpaka leo ndo linaniuma kuliko kopo.

Kutobadilisha lugha, hapo tulipatia, ila kwa sababu finyu. Nilikuwa naamini na hoja nyingine, kwamba Kiesperanto ni haki kwa kila mtu kwa sababu kila mtu anatembea nusu ya njia. Sasa siamini hivyo. Mama wa Lomé na Kifaransa chake maneno mengi alikuwa nayo nyumbani tayari, *libro*, *ŝtofo*, *maniko*, hata akiyasikia mara ya kwanza yanafanana na ya kwake. Fundi wetu alianza na sifuri, neno moja baada ya jingine, usiku baada ya kazi, *safario* ndo neno pekee alilolikuta liko kama la kwao. Alichokuwa nacho yeye ni ule ujenzi wa vipande, na hapo ndo alimzidi mwenzake, wa Lomé mpaka leo anamuuliza binti wa huku neno fulani linatengenezwaje. Kwa hiyo nusu na nusu ipo ila sio ya aina moja, na mwalimu wa Mswahili akianza na orodha za maneno anaanza na upande ambao mwanafunzi wake ni maskini. Angeanza na *mal-*, *-il-*, *-ej-*, *-iĝ-*, siku ya kwanza mtu anatoka anajisikia anajua kitu.

Na mtu akiniuliza je fundi angejifunza Kifaransa tu? Angepata watu wengi zaidi wa kuongea nao, bila ubishi. Ila alifika kwenye kuelewana na mwenzake ndani ya miezi kama minane ya jioni mbili kwa wiki huku anapiga lisani, na mimi Kiingereza nimekisoma miaka kumi na moja na nikipigiwa simu nacho natafuta mlango.

Kopo bado lipo, yeye anawekea pini. Wiki hii yuko kwenye mabishano na Lomé kuhusu marinda. Wa kule anataka waseme kwa *plisi*, kwa vile kwao Kifaransa kina neno linalofanana. Wa kwetu hakulijua hilo, akachukua *faldo*, mkunjo, akaupunguza ukawa *faldeto*, akaukusanya ukawa *faldetaro*, kikundi cha vikunjo vidogo, na anasema hilo ndo linaeleza kitu chenyewe. Mpaka jana usiku hawajaafikiana, na gauni la mteja linatakiwa Jumamosi.